Mbio za Oktoba Ziandaliwe Tangu Novemba



Kila mwaka pamba ikishauzwa na mabua yakishakauka mashambani, hapa kwetu Sapiwi huanza kuonekana vijana wanaokimbia jioni kando ya barabara. Wengine wana raba za mitumba, wengine wako peku, na mmoja wawili wamevaa katambuga. Ukiwasimamisha na kuwauliza wanakimbilia wapi, watakujibu kwamba zimebaki wiki tatu tu kufikia siku ya mbio, kwa hiyo wanajiandaa. Sisi wa ukurasa huu tunafurahi kuwaona, maana kijana anayekimbia jioni ni afadhali kuliko yule anayeketi kilabuni. Hata hivyo hatuna budi kusema bila kuficha kwamba maandalizi ya wiki tatu si maandalizi. Anayetaka kukimbia vizuri mwezi Oktoba, na kurudi nyumbani akiwa mzima, anapaswa kuanza mwezi Novemba wa mwaka uliotangulia, yaani wakati ule ule tunapopanda pamba.

Tunajua neno hilo litawachekesha wengi. Novemba! Nani ana nafasi ya kukimbia mvua ikiwa imeshanyesha na jembe likimngoja? Lakini tunaomba msitupe gazeti bado. Jambo hili linawahusu baba na mama wa nyumba kama linavyowahusu vijana wenyewe, kwa sababu kijana hawezi kupanga mwaka wake peke yake katika nyumba ambayo kazi, chakula na nafasi vyote hupangwa na wazee.

MBIO ZENYEWE

Katika kanda yetu ya Ziwa mbio za barabarani zinazojulikana zaidi ni zile za Mwanza ziitwazo Rock City Marathon, ambazo zilianza mwaka 2009 na aghalabu hufanyika mwezi Oktoba. Vijana wa Simiyu hupanda basi kupitia Lamadi na Magu, wakakimbia, wakarudi. Zaidi ya hizo ziko mbio ndogo ndogo za shule, za kata na za vigango, ambazo zawadi yake ni kuku, jembe au sukari kilo chache. Kwa maoni yetu hizi ndogo ndizo zenye faida kubwa kwa afya ya watu wengi, maana mama wa miaka 40 hatakwenda Mwanza, ila anaweza kukimbia kilomita 3 mbele ya majirani zake, tena akacheka.

Mwezi Oktoba umechaguliwa na mazingira yetu kwa sababu nzuri. Mavuno yamo ghalani, fedha ya pamba ingalipo kidogo mfukoni, na barabara za udongo ni kavu. Ubaya wake ni jua. Mwishoni mwa kiangazi, kabla mvua hazijatulia, joto la mchana kwetu hupita nyuzi 30 mara nyingi. Mbio zinazoanza saa tatu asubuhi, kwa sababu mgeni rasmi amechelewa, zinawamaliza watu saa tano juani. Hapo ndipo watu huanguka, na wanaoanguka si wazee bali ni vijana wenye nguvu ambao hawakujiandaa na wanaona aibu kutembea.

WENZETU HUFANYAJE

Katika nchi za Ulaya na Marekani ya Kaskazini mbio kubwa za barabarani hufanyika baada ya joto la kiangazi chao kupungua: Berlin mwezi Septemba, New York mwezi Novemba. (Watanzania tuna haki ya kuzitaja. Juma Ikangaa alishinda New York mwaka 1989, na Magdalena Shauri alikuwa wa tatu Berlin mwaka 2023 kwa saa 2, dakika 18 na sekunde 41.) Mbio hizo zikiisha, baridi kali na theluji hufuata. Msimu huo hauna mashindano mengi, na wakimbiaji wenye busara huutumia kujenga msingi. Hukimbia polepole na kwa muda mrefu, miezi kadhaa, bila haraka yoyote.

Aliyewafundisha wengi njia hiyo ni kocha Arthur Lydiard wa New Zealand. Yeye aliwataka hata wakimbiaji wake wa mita 800 wakimbie hadi kilomita 160 kwa wiki katika miezi ya msingi, jambo ambalo watu walilidharau hadi mwaka 1960 kule Roma, wanafunzi wake wawili, Peter Snell na Murray Halberg, walipopata dhahabu za Olimpiki siku moja. Hatuwaambii vijana wa Sapiwi wakimbie kilomita 160. Tunachokitaka kwake ni ule mpangilio: kwanza msingi, kisha milima na nguvu, na kasi iwe mwisho kabisa. Vijana wetu huanza na kasi, na huanza nayo wiki tatu kabla.

Sasa sisi hatuna theluji. Tuna jembe. Msimu wetu usio na mashindano ni ule wa kuanzia mvua za Novemba hadi mavuno ya Mei na Juni, na hiyo ni miezi saba, mingi kuliko baridi ya Wazungu.

JEMBE SI MBIO

Mzee mmoja alituambia kwamba mkulima hana haja ya mazoezi, kwani amefanya mazoezi tangu alfajiri. Tunamheshimu, na sehemu ya neno lake ni kweli. Shirika la Afya Duniani katika mwongozo wake wa mwaka 2020 linasema mtu mzima afanye kazi ya kutumia mwili kwa kiasi cha kawaida dakika 150 hadi 300 kwa wiki, au kazi nzito dakika 75 hadi 150. Anayelima ekari mbili za pamba kwa mkono huzimaliza dakika hizo kabla ya Jumatano. Moyo wake ni mzuri, mgongo na mikono ina nguvu.

Ila miguu yake haijazoea mishindo. Mtu akikimbia, kila hatua humtua kwa uzito wa mara mbili hadi tatu ya uzito wa mwili wake, na katika kilomita 10 hatua hizo ni maelfu. Moyo na mapafu huzoea upesi, ndani ya wiki chache tu mtu anajisikia mwepesi. Kano za kisigino, goti na mifupa ya muundi huchelewa sana, huhitaji miezi. Ndiyo maana kijana aliyeanza Septemba hujisikia simba ifikapo wiki ya tatu, akaongeza mwendo, na wiki ya nne anachechemea. Pumzi ilikuwa tayari lakini mifupa haikuwa tayari. Kisha anakuja msimu wa kulima akiwa na mguu mbovu, na hasara hiyo inakuwa ya nyumba nzima.

MPANGO WA MWAKA

Tukishamaliza mbio za Oktoba, kwanza tupumzike. Wiki mbili za kutembea tu zinatosha kwa aliyekimbia kilomita 10. Aliyekimbia kilomita 21 ajipe wiki tatu.

Novemba na Desemba ni kupanda. Katika miezi hii tunashauri kijana akimbie siku tatu kwa wiki, dakika 20 hadi 30, polepole kiasi cha kuweza kuzungumza na mwenzake bila kukatika pumzi. Kipimo hicho cha mazungumzo hakihitaji saa wala kocha. Ukishindwa kumaliza sentensi, punguza. Wengi watauliza ni saa ngapi. Alfajiri ni ya shamba, hilo hatubishani nalo, kwa hiyo wakati ufaao ni saa kumi na moja jioni, au wakati wa kurudi shambani ikiwa shamba liko mbali: mwenzako abebe majembe mawili kwa baiskeli, wewe ukimbie nyuma, na siku ya pili mbadilishane. Baiskeli yenyewe ni zoezi zuri la moyo lisiloumiza goti, na Wasukuma hawahitaji kufundishwa kuipanda.

Januari hadi Machi tunayasema peke yake chini, kwa sababu ya chakula.

Aprili mvua ni nyingi. Ardhi ya mbuga hushika mguu kama gundi na kuteguka kifundo ni rahisi, basi tafuteni njia za luseni, mchanga unaonyonya maji. Mwezi huu, siku mbili za kukimbia na siku moja ya kupanda na kushuka kilima, mara sita hadi nane kwa mwendo wa taratibu, zinatosha. Vilima vya mawe tunavyo vingi, na havilipiwi kiingilio.

Mei, Juni na Julai chakula kipo. Huu ndio wakati wa kuongeza, na kuongeza kuwe kwa kipimo. Wataalamu wengi hushauri mtu asizidishe zaidi ya sehemu moja ya kumi kwa wiki. Akiwa amekimbia jumla ya kilomita 20 wiki hii, wiki ijayo iwe 22. Kila wiki ya nne apunguze kidogo ili mwili ujijenge. Siku moja ya wiki iwe ya mwendo mrefu. Kwa anayelenga kilomita 10, mwendo huo ufike kilomita 12 au 14 kufikia mwisho wa Julai. Wakati wa kuchuma pamba mtu huinama siku nzima, kwa hiyo anyooshe mgongo na mapaja kabla ya kuanza kukimbia, na aanze kwa kutembea.

Agosti na Septemba ndipo kasi inapoingia, siku mbili tu kwa wiki. Njia rahisi ni nguzo za umeme: kimbia kwa nguvu kutoka nguzo moja hadi nyingine, tembea au jongea taratibu nguzo inayofuata, rudia mara kumi. Penye kijiji kisicho na nguzo, miti itafaa. Kisha siku kumi za mwisho kabla ya mbio punguza hadi nusu. Vijana hawapendi jambo hili, huona wanapoteza nguvu, na wengine hukimbia njia nzima siku mbili kabla ili kujihakikishia. Nguvu waliyoitumia Alhamisi hawataiona Jumamosi.

MIEZI YA NJAA

Januari, Februari na Machi ni palizi, na katika nyumba nyingi ni miezi ya ghala kupungua. Baadhi ya familia hula mlo mmoja. Hapa tunasema kinyume na makocha wa vitabuni: asiyekula vya kutosha asikimbie. Mwili unaolima kutwa kwa uji wa asubuhi na ugali wa usiku hauna akiba ya mazoezi. Ukiulazimisha utajila misuli yake wenyewe. Msichana asiyekula vya kutosha huweza kukosa siku zake, na mifupa yake hudhoofika. Katika miezi hii atembee, apumzike, na kama nyumba ina chakula akimbie mara mbili kwa wiki kwa muda mfupi, basi.

Wazazi wanaweza kusaidia tangu Julai. Michembe na matobolwa tunavyokausha wakati wa viazi ni chakula bora cha mkimbiaji, maana kinampa nguvu ya kudumu, kinahifadhika, na hakihitaji duka. Tuliwahi kuona vijana wakinunua biskuti za njiani wakati mfuko wa michembe umening'inia jikoni kwao. Ongezeni karanga, choroko, dengu, dagaa na maziwa mgando, na nsansa kwa ajili ya damu. Familia yenye mkimbiaji iweke gunia moja la michembe kando na isiliuze Agosti bei inapopanda. Nasi tunajua ushauri huu ni mgumu kuliko ule wa nguzo za umeme.

BINTI NAYE

Hesabuni wanaokimbia jioni. Kumi ni wavulana, na kama kuna msichana ni mmoja, tena ni mwanafunzi anayekimbia kwa sababu mwalimu amemchagua. Tukiuliza kwa nini, jibu ni maji. Saa kumi na moja jioni, wakati kaka yake anafunga kamba za raba, binti anakwenda kisimani, kisha kuni, kisha moto. Husemwa kwamba kubeba ndoo ni mazoezi yake. Hapana. Ndoo ya lita 20 ni uzito wa kilo 20 juu ya shingo ya mtoto, na haimfanyii moyo wake ambacho mbio humfanyia.

Msimamo wetu ni huu: nyumba ambayo kijana wa kiume ana siku tatu za kukimbia, binti naye awe na siku tatu, na katika siku hizo kijana wa kiume akachote maji. Ana baiskeli, ataleta madumu manne kwa safari moja. Tunatarajia barua za kutupinga, na tutazisoma. Juu ya mavazi, tumesikia mabishano marefu kuhusu suruali ya mazoezi na sketi. Msichana avae kitu kinachomsitiri na kisichomkwaza miguu, yatosha. Tusimnyime afya kwa sababu ya kitambaa. Wakimbie wawili au zaidi, warudi kabla ya giza, na mtu mzima ajue njia yao.

Wote, wavulana kwa wasichana, wakikimbia kwenye lami wakae upande wa kulia ili wayaone magari na pikipiki zinazowajia usoni. Nguo iwe nyeupe au ya rangi kali. Barabara ya Bariadi kwenda Lamadi ni nzuri kwa miguu, lakini dereva wa lori hamtegemei mtu jioni.

MALARIA, VIDONGE NA CHUPA ZA NGUVU

Kila mtoto wa shule ameambiwa habari za John Stephen Akhwari, aliyeanguka katika marathoni ya Mexico mwaka 1968, goti likateguka, akafika mwisho wa wote zaidi ya saa moja baada ya mshindi, uwanja ukiwa umebaki na watu wachache. Ni habari ya kweli na ni heshima ya nchi yetu. Lakini tumesikia ikitumiwa vibaya. Kijana ana homa, anatetemeka, rafiki zake wanamwambia akaze roho kama Akhwari. Akhwari alikuwa mwanariadha aliyejiandaa kwa miaka, akaumia njiani mbele ya madaktari. Hakuanza mbio akiwa na malaria.

Mwenye homa asikimbie hata kilomita moja. Apimwe zahanati, amalize dozi, na baada ya hapo aanze kwa kutembea, wiki moja au mbili, hadi chakula kiwe kitamu tena mdomoni. Malaria huteketeza damu, na asiye na damu moyo wake hupiga kwa shida. Vivyo hivyo kichocho na safura, ambazo katika vijiji vyetu si ngeni: kijana anayechoka upesi kuliko wenzake, ambaye viganja vyake ni vyeupe, si mvivu, apelekwe kupimwa. Na kwa kuwa kanda ya Ziwa ina wagonjwa wengi wa selimundu, tunasisitiza kwamba mwenye ugonjwa huo asiingizwe katika mbio za kushindana kamwe. Mazoezi mepesi ayafanye kwa ushauri wa mganga wake, na awe na maji karibu.

Yako mambo mawili mapya yanayotuhuzunisha. Kwanza ni vidonge vya maumivu. Baadhi ya wakimbiaji humeza diklofenaki asubuhi ya mbio ili wasihisi goti. Dawa hiyo hupunguza damu inayokwenda kwenye figo. Ikikutana na jasho, joto na kiu, figo huweza kusimama ghafla. Maumivu ni taarifa, na anayeyanyamazisha kabla ya kilomita 21 hajui atavunja nini. Pili ni chupa za vinywaji vya kuongeza nguvu, vinavyouzwa kila kibanda. Vina sukari nyingi na kafeini. Moyo ambao tayari unakwenda mbio juani hauhitaji kuchapwa tena kiboko.

SIKU YENYEWE

Waandaaji tunawaomba saa. Mbio zianze saa kumi na mbili na nusu asubuhi, jua likichomoza, awepo mgeni rasmi au asiwepo. Yeye anaweza kugawa zawadi. Tena, kwa mbio za vigango vyetu, tunapendelea Jumamosi, maana zile za mjini huangukia Jumapili na vijana wa VIWAWA huwa hawajui wachague lipi.

Maji yawekwe kila kilomita mbili au tatu, na mkimbiaji anywe kadiri ya kiu. Asijaze tumbo lita mbili kwa mpigo, kwani maji mengi kupita kiasi bila chumvi nayo hudhuru. Mwishoni kuwe na maji ya chumvi na sukari: lita moja ya maji safi yaliyochemshwa, vijiko vidogo sita vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, vyote vijiko vya kusawazishwa. Kina mama wa WAWATA wanaujua mchanganyiko huu tangu zamani kwa watoto wa kuharisha.

Mkimbiaji anayepepesuka, anayejibu maneno yasiyoeleweka, ambaye mwili wake unawaka, amepatwa na joto, na huyo ni mgonjwa wa dharura. Msianze kutafuta gari kwanza. Mpelekeni kivulini, mmwagieni maji mwili mzima, mpepeeni kwa kanga zilizolowa, hasa shingoni, kwapani na kwenye mapaja, na gari litafutwe wakati hayo yanaendelea. Asiyejitambua asinyweshwe kitu. Dakika kumi za mwanzo ndizo zinazoamua kama atapona, na mara nyingi wakati huo daktari hayupo, mpo ninyi.

Wazee waliozidi miaka 40 na hawajakimbia siku nyingi wapimwe presha na sukari zahanati kabla ya kuandikisha majina. Mwenye maumivu ya kifua anapopanda mlima asikimbie mpaka aonwe na daktari. Wengine wote waje, hata kwa kutembea. Tungependa kuona kundi la UWAKA likitembea kilomita 5 nyuma ya vijana bila mtu kulicheka.

MEDALI ZA WENGINE

Tarehe 15 Septemba 2025 kule Tokyo, Alphonce Simbu alikuwa Mtanzania wa kwanza kupata dhahabu katika mashindano ya dunia ya riadha. Baada ya kilomita 42 yeye na Mjerumani Amanal Petros walipewa muda uleule, saa 2, dakika 9 na sekunde 48, wakatenganishwa na picha kwa sehemu 3 za mia za sekunde moja. Vijana wetu wanaikumbuka picha hiyo. Tunapenda wakumbuke pia kwamba Simbu alikuwa na shaba ya mashindano hayo hayo ya London tangu mwaka 2017. Miaka minane ilipita kati ya medali hizo, na katika miaka hiyo Novemba zilikuwa nane.

Mtu wa Sapiwi hahitaji kufika Tokyo ili mpango wa mwaka umfae. Presha na kisukari havikai mijini tu siku hizi, na kijana aliyezoea kukimbia miezi kumi na miwili ana nafasi kubwa ya kuwa mzee asiyeishi kwa vidonge.

Kigango kinachotaka kuanzisha mbio zake mwaka ujao hakihitaji fedha nyingi, kinahitaji njia iliyopimwa. Chukueni baiskeli, fungeni kitambaa chekundu kwenye spoku moja, pimeni kwa futi kamba ni umbali gani gurudumu linakwenda kwa mzunguko mmoja. Baiskeli nyingi zetu kubwa hukaribia mita 2 na sentimita 20. Kwa kipimo hicho kilomita moja ni mizunguko 455, na kilomita 10 ni mizunguko 4,545. Mmoja aendeshe taratibu, wawili wahesabu, na kila kilomita iwekwe jiwe lililopakwa chokaa. Kazi hiyo ifanyike sasa kabla ya mvua, ili Novemba vijana wawe na mahali pa kuanzia.